Kinyozi wa Mke Wangu

Mke wangu alikufa kitabu kikiwa katikati. Kilikuwa juu ya sponji pale karakana, kimelazwa kifudifudi, maana yeye hakuwa mtu wa kukunja kurasa. Asubuhi ile alisema kifua kinambana, twende tukapimwe mara moja, tutaendelea tukirudi. Nilirudi peke yangu.

Wanaohusika wanajulikana. Hospitali ile mtungi wa oksijeni ulikuwapo, ila ulikuwa umefungiwa stoo, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa kwenye mkutano. Nikauliza, mkutano gani huo? Wakaniambia mkutano wa kuboresha huduma. Mpaka leo hakuna aliyefukuzwa kazi, hata wa kuhamishwa hakuna. Mimi nilipewa pole dirishani na kuambiwa nipishe wenzangu nyuma kwenye foleni.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango unatazama barabara ambayo halmashauri imekuwa ikiahidi kuitengeneza tangu meno yangu yakiwa yote mdomoni. Shule niliishia darasa la nne. Herufi nazijua, lakini nasoma kama mtu anayevuka kijito kwa kurukia mawe. Nikikosea moja naanza upya kutoka ukingoni. Mke wangu yeye alisoma mpaka akamaliza, na vitabu alivipenda kama watu wengine wanavyopenda kwenda harusini.

Kunisomea hakuanza kwa mapenzi ya vitabu lakini. Alianza kwa sababu ya ukuta. Zamani nilikuwa nimeajiriwa kwenye kiwanda cha samani. Wakubwa wakakaa chini wakakiuza, mashine zikang'olewa, sisi tukaambiwa tutaitwa. Hatukuitwa. Nikalala. Sikuwa na homa, sikuwa na jeraha, nilikuwa tu nimegeukia ukuta na mwili umekuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Masika yote ilipita juu ya bati nikiwa pale. Ndugu zangu wakasema ni uvivu. Mke wangu alileta kigoda, akakaa mgongoni kwangu, akafungua kitabu cha maktaba na kuanza kusoma kwa sauti.

Siku nyingi nilimsikia kama unavyosikia redio ya jirani. Halafu kuna siku alifika mahali watu wawili wanagombana, akaacha hapohapo akaenda kuangalia sufuria jikoni. Nikageuka. Nikamuuliza, "Sasa yule jamaa alimjibu nini?"

Akaniambia akiwa hukohuko jikoni, "Inuka ukae, ndiyo nikwambie."

Nikakaa. Basi ndivyo nilivyotoka ukutani, kwa umbea wa watu wasiokuwapo duniani. Baadaye nikafungua karakana, naye akahamia humo na vitabu vyake. Mimi nagonga misumari, navuta kitambaa, nashona kwa ile sindano iliyopinda, na yeye amejiegemeza kwenye kochi la mteja lililokwisha, anasema analijaribu. Jirani yangu seremala, ambaye mtaa mzima unamwita Randa, alikuwa haishi kuja kuazima misumari wakati wa kusomwa, na misumari yenyewe anaisahau palepale. Ule uzito haukuniacha kabisa. Ulikuwa ukija na kuondoka. Mke wangu aliujua kwa mlio wa nyundo kabla mimi sijaujua, na siku hizo alisoma zaidi.

Kitabu chetu cha mwisho kilikuwa cha mama mmoja, mpishi kwenye nyumba ya watu wenye nafasi, anayemsubiri mwanawe atoke gerezani. Mama huyo alikuwa na mdogo wake wa kiume, kinyozi. Nyie, yule kinyozi! Ana kiti kimoja na kioo kilichopasuka, na mdomo usiolala. Mara moja mheshimiwa mmoja anakuja kuomba kura, anaona akae anyolewe ili wananchi wamwone ni mtu wa watu. Kinyozi anamwekea wembe hapa kooni, anamwambia, "Tulia, mheshimiwa. Hii ndiyo nafasi pekee mwananchi anayopata ya kukushika shingo bila kukamatwa."

Randa alicheka mpaka akatoka nje. Mimi niliacha nyundo nikamwomba mke wangu arudie pale. Akarudia. Nilimpenda yule kinyozi kama ndugu yangu, na pengine zaidi, maana ndugu zangu nawajua. Alikuwa akimwahidi dada yake kwamba siku kijana akiachiwa atamnyoa bure, na akimletea ujumbe kutoka gerezani, na akimtuliza. Tuliishia kijana anakaribia kutoka. Mke wangu akasema kifua kinambana.

Baada ya mazishi binti yetu, anayefanya kazi mji wa mbali, alipewa ruhusa fupi na wakubwa wake, si unajua wanavyoonea watu. Akafagia nyumba, akafua, akanipeleka kliniki. Daktari alikuwa kijana mwenye kalamu mfukoni na viatu vinavyolia. Aliniuliza usingizi, chakula, kama naona maisha yana maana. Mwisho akasema ugonjwa wangu unaitwa sonona. Nikamwambia ugonjwa wangu unaitwa mwenye ufunguo. Hakukasirika, akaandika dawa. Nazimeza, kwa sababu binti anapiga simu kila siku kuuliza kama nimemeza, na mimi kumdanganya mtoto aliye mbali siwezi.

Ila kazi sikuweza. Kochi la mteja lilikaa pale uchi, springi nje. Nikishika nyundo, nikagonga mara moja, kile kimya kinachofuata kinanirudisha chumbani. Nikarudi ukutani. Ukuta ulikuwa uleule, na mgongoni kwangu hapakuwa na kigoda.

Jambo moja tu lilinisumbua, na nalisema ingawa litaonekana la kitoto kwa mtu wa umri wangu. Nilitaka kujua kama yule kijana alifika nyumbani. Nilikuwa nalala nikimfikiria yuko langoni mwa gereza na kifurushi chake, mama yake amepika, mjomba wake ananoa wembe, na wote wamesimama hivyohivyo hawawezi kuendelea kwa sababu mke wangu hayupo. Nikaona hili angalau niwamalizie.

Kwenda karakana kukitafuta kitabu, hakipo. Nikampigia binti. Akasema, "Baba, nilikirudisha maktaba. Kilikuwa kimepitiliza siku." Nikamwambia alichofanya ni kama kumnyang'anya mtu sahani anakula. Akasema, "Si ukakiazime tena? Kadi ya mama ipo kwenye droo."

Nilichukua muda kutoka. Kuvaa shati pekee kulinimaliza asubuhi nzima, siku ya kwanza nikaishia kuvaa tu. Nikaja kufika. Maktaba yenyewe ni jengo la halmashauri, kwa hiyo taa nusu zimekufa, na viti vimechanika mpaka sponji linachungulia, sponji duni kabisa, aliyepewa zabuni ile alikula na mtu. Dada wa maktaba, mwanamke mpole mwenye sweta na miwani, alinijua kwa kadi. Akanipa pole, akanipa kitabu, hakuniambia kadi ya marehemu haitumiki.

Nikaanzia tulipoishia. Ukurasa mmoja ulinila mchana kutwa, kidole chini ya mstari, midomo inacheza. Siku iliyofuata nikafika kwenye sentensi iliyosema kwamba tangu wamzike kinyozi, mama hakuwa na mtu tena wa kumtuma mjini.

Nikairudia. Nikafuta macho nikairudia. Tangu wamzike kinyozi.

Nikarudi nyuma kurasa na kurasa kumtafuta mheshimiwa na shingo yake. Hakuna. Wembe hakuna, kura hakuna. Mama anasubiri peke yake jikoni tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Hapo damu ikanichemka, na ilikuwa siku nyingi haijachemka. Nikaelewa kila kitu. Kitabu kilirudi mikononi mwa halmashauri, mtu mkubwa akakisoma, akaona maneno yale ya kumshika mheshimiwa shingo, akaagiza kitolewe na kiletwe kingine kilichochujwa. Na ili kinyozi asiseme tena, wamemuua. Wanashindwa nini? Waliomuua mke wangu kwa ufunguo watashindwa kumuua kinyozi kwa kalamu?

Shati siku hiyo nililivaa mara moja.

Nilimbwagia dada wa maktaba kitabu mezani nikamwambia, "Hiki sicho."

"Sicho kivipi, baba?"

"Mmekibadilisha. Kinyozi yuko wapi?"

Akakifungua, akatafuta kwa kidole. "Kinyozi amefariki, baba. Kwenye sura ya tatu hapa."

"Hajafariki. Mimi nimekuwa naye mpaka juzijuzi. Alikuwa anamnyoa mheshimiwa."

Wasoma magazeti wakainua vichwa. Mmoja akasema, "Mzee wangu, serikali iache kutengeneza barabara ije kuua vinyozi?" Nikamjibu, "Barabara ipi iliyotengenezwa? Nionyeshe nikaikanyage." Wakacheka, na wengine nadhani walicheka upande wangu.

Dada hakucheka. Alinivutia kiti karibu naye, akasema maktaba ina nakala moja tu ya kitabu hiki, tangu kimeletwa. Akafunua kurasa za katikati akanigeuzia. "Na hii ni nini, baba?"

Ilikuwa gundi. Gundi yangu ya sponji, ya njano, na ndani yake alama ya kidole gumba. Gumba langu lina kovu la mkasi, halifanani na la mtu. Nilikumbuka hata siku yenyewe, nilipompokea kitabu mke wangu apige chafya. Kitabu kilikuwa kilekile. Nikakaa nacho mapajani.

Dada akasema taratibu, "Mama aliwahi kuniomba vitabu vinavyoisha vizuri. Nikamwambia humu ndani viko vichache, waandishi wanapenda sana kuua watu. Akacheka. Akasema, 'Basi nipe chochote, nitajua la kufanya na hao wanaouawa.'"

Niliondoka bila kuaga, kitabu kwapani. Njiani nilikuwa naongea peke yangu, watu wananipisha. Nilikuwa na hasira, na ninasema wazi ilikuwa hasira juu ya mke wangu. Maisha yangu yote nimepigana na watu wanaokaa pembeni na kuamua mimi nijue nini na nisijue nini, kumbe na nyumbani nilikuwa na mkubwa wangu, amekaa kwenye kochi. Alikuwa akitazama ukurasa na kukata shauri: hili atalibeba, hili hatalibeba. Nikaanza kuwafikiria wengine. Yule mwalimu mzee aliyepona kifua. Yule mtoto aliyeokolewa mtoni na mbuzi wake. Yule bibi harusi aliyechelewa treni iliyoanguka. Nina marafiki wangapi ambao kumbe ni marehemu?

Nikamkuta Randa anapiga msasa fremu. Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo, na hapo nikajua.

"Nilikuwa najua," akasema. "Siku moja nilisimama nyuma yake natafuta misumari. Anasoma, anasoma, mheshimiwa sijui nini, na ukurasa haugeuki."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, fundi? Ulikuwa unafanya kazi."

Nilimnunia Randa. Siku kadhaa nilizima hata simu, binti akampigia Randa, Randa akaja kugonga mlango, nikamwambia nimemeza dawa, aende zake. Lakini ukutani sikukaa, maana hasira hainilazi, mimi ndivyo nilivyo. Nikajiapiza nitakisoma kitabu kile tangu jalada mpaka jalada, kama kilivyoandikwa, bila mtu kunipunguzia hata kifo kimoja. Tuone kama nitakufa.

Kilinichukua muda mrefu. Nilisoma nimekaa pale alipokuwa akikaa yeye. Nilikuwa nikichoka naweka kitabu, naweka msumari mmoja au miwili kwenye lile kochi la mteja, narudi. Sura ya tatu ilifika. Kinyozi aliugua kifua wakati wa mvua akafa, mistari minne. Nilidhani ningepasuka, kumbe nilichoona ni aibu kwa niaba ya mwandishi. Maana kinyozi wake hana kitu. Anasalimia mara moja, anasema mvua ni kubwa, anakohoa, anazikwa. Mheshimiwa hayumo. Kioo kilichopasuka hakimo. Ule mdomo usiolala haumo popote. Mwandishi alimpa salamu na jeneza tu, na mengine yote, sura hadi sura, mke wangu alimtolea kichwani mwake akiwa amejiegemeza, macho kwenye karatasi, sauti haitetereki.

Nikaweka kitabu chini. Siku ile sikusoma tena. Nililia, na sikuwa nimelia tangu hospitali, kwa sababu pale hospitali nilikuwa na watu wa kugombana nao.

Mwisho wake nitausema, anayetaka kukisoma aruke. Kijana anaachiwa. Anatembea mpaka njia panda. Hakuna aliyekuja kumpokea, kwa kuwa mama hakupewa ruhusa na wenye nyumba, na mwingine wa kwenda hayupo. Linakuja basi la nyumbani, anasimama, analiangalia, anaona aibu. Linakuja basi la upande wa pili. Anapanda hilo. Mama anafunika sahani kwa sahani, na kitabu kinaisha.

Nilikaa na lile jambo. Nikajiuliza mke wangu angefanyaje hapa. Asingeweza kumpitisha tu kijana mpaka mlangoni kama hakuna kilichotokea, hakuwa mtu wa kulipua kazi. Ndipo likanijia, nyundo ikiwa mkononi. Alikuwa na tabia ya kusoma mbele peke yake, mchana, mimi nikijinyoosha. Tangu sura ya tatu alikwisha kuijua ile njia panda. Alijua siku hiyo atahitajika mtu wa kusimama pale. Ndiyo sababu hakumwachia kinyozi afe. Alimtunza muda wote ule, akamlisha maneno, akamchekesha na waheshimiwa, ili siku ikifika awe na nguvu za kwenda kumpokea kijana.

Nilifurahi. Nilisimama karakana peke yangu nikafurahi, nikageuka kumwambia, na pale kwenye kochi palikuwa na kitabu.

Sasa shida ni hii, na hii hakuna dawa yake kliniki. Najua kinyozi yuko njia panda. Namwona kabisa, na kiti chake amekibeba begani. Najua kijana anashuka kule barabarani na kifurushi. Lakini sijui anamwambia nini. Lazima kuwe na neno, neno moja la utani, litakalomfanya kijana yule acheke na aone aibu imemwisha, apande basi la nyumbani. Mke wangu alikuwa nalo. Alikwenda nalo.

Nimejaribu mwenyewe. Kila siku nikifungua karakana najaribu kwa sauti huku nagonga, hata kochi la yule mteja limekwisha na jingine limeingia. Randa nimemsamehe, anakuja, anakaa, anasikiliza. Namfikisha kinyozi vizuri mpaka mbele ya kijana. Anatua kiti. Anafungua mdomo. Na anaanza: barabara hii tangu nizaliwe haijaona lami, hela zimeliwa, na mabasi haya nani anayakagua, na nyie huko gerezani ufunguo anakaa nao nani?

"Anaongea kama wewe," Randa anasema.

"Nasikia."

Kijana anamsikiliza mjomba wake kwa adabu, anatazama pembeni. Basi la upande wa pili linakuja, anapanda.